Tathmini ya Wakana

Kila alasiri, Wakana Shiroyama alipofungua mlango wa nyumba yao mjini Tomisato, alivua viatu, akavipanga vikitazama nje, kisha akasema, "Nimerudi." Hapakuwa na wa kumjibu, "Karibu nyumbani." Baba yake alikuwa amehamishiwa kikazi Sapporo, kaskazini ya mbali, na mama yake alishinda uwanja wa ndege hadi zamu yake iishe. Hata hivyo Wakana alilisema neno hilo kila siku, kisha akala tonge la wali lililofungwa mwani aliloachiwa mezani, huku saa ya ukutani ikijikokota.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu wahamie pale. Darasani hakuna aliyemwonea, wala hakuna aliyemwita. Alikuwa kama kiti cha ziada. Mahali pekee alipotamani kwenda ni dukani kwa Bi. Ogata, aliyeuza bunduki za kuchezea zirushazo vigololi vya plastiki. Juu ya meza ya duka lilikaa daftari nene, ambamo wateja waliandika tathmini ya walichokijaribu, ili ajaye asinunue kwa kubahatisha.

Siku moja Bi. Ogata alimwekea mbele boksi refu.

"Hii ni bunduki ya marisau, inarusha vigololi vitatu kwa mpigo, na ni ya springi. Haitaki betri wala gesi, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote humu. Watoto wananiuliza kila siku kama inamfaa anayeanza. Mkono wangu ni wa mtu mzima, siwezi kuwajibu. Ijaribu wewe."

"Mimi, Bi. Ogata?"

"Kwani naongea na rafu? Vaa miwani ya kinga kwanza."

Nyuma ya duka Wakana alilenga debe tupu. Kabla ya kila mlio ilimbidi avute kishikio cha chini ya mtutu kwa nguvu zake zote, hadi kilie kacha, ndipo vigololi vitatu viruke pamoja. Katika hatua kumi na tano debe lililia kila mara. Katika hatua thelathini vigololi vilitawanyika kama kunguru waliotishwa. Alipofikisha mvuto wa thelathini, ilimbidi aibane bunduki kwa magoti ndipo aweze kuvuta.

"Wewe si yule mgeni anayekaa dirishani?" Alikuwa Rin Kuramochi, wa darasa lake, amesimama mlangoni. "Kumbe una mikono! Jumapili timu yetu imepungukiwa na mtu. Njoo na bomba lako hilo." Bi. Ogata akakubali kumwazima.

Uwanja wa mchezo huo, wa timu mbili kurushiana vigololi, ulikuwa msituni, katikati ya mierezi, na hakuna mwamuzi awezaye kuona kigololi kikipita kwenye majani. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: aliyeguswa hunyanyua mkono mwenyewe, hupaza sauti, "Nimepigwa!" na kutoka. Anyamazaye huitwa zombi, maana amekufa na bado anatembea.

Katika raundi ya mwisho wenzake wote walitoka. Wakana alibaki peke yake nyuma ya ubao wa kujikinga, na upande wa pili walisalia wavulana wawili. Ghafla kitu kiligusa mkono wa koti lake, chepesi kama punje ya mchele. Hakuna aliyeona. Akafungua kinywa.

"Wakana! Kaza, Wakana!" Rin alipiga kelele kutoka nje ya kamba ya mpaka wa uwanja.

Ilikuwa mara ya kwanza katika mji ule kwa mtoto mwenzake kumwita kwa jina. Akafunga kinywa. Akavuta kishikio, akafyatua, na wavulana wale, waliokuwa wamebanana nyuma ya gogo moja, wakanyanyua mikono.

Rin alimkumbatia hadi miwani ikapinda. "Hela nilizopewa mwaka mpya nilikuwa naziweka ninunue bunduki ya betri. Sasa basi! Kama mgeni kabisa ameangusha wawili kwa hii, kesho naichukua. Saa kumi, dukani. Uwe umeshaandika, nisome kwanza!"

Kesho yake Wakana alifungua mlango wa nyumbani, akavua viatu, lakini "Nimerudi" haikutoka. Nyumba hii haikuwahi kumjibu, na hakuwahi kuinyima neno lake. Kwa nini basi jana alilimeza lile jingine, "Nimepigwa"? Alivaa viatu tena.

Dukani aliandika polepole, Rin akisoma juu ya bega lake: *Springi ni ngumu kwa mkono mdogo. Inafaa hatua kumi na tano, si thelathini. Usiiguse bila miwani. Uwanjani haikunipa ushindi. Nilipigwa kwanza, nikanyamaza.*

Rin alinyooka. "Ulipigwa?"

"Kwenye mkono wa koti."

"Na mimi nikakushangilia kama mjinga." Alichukua mkoba wake. "Zombi!"

Kengele ya mlango ililia alipotoka. Machozi ya Wakana yalidondokea daftari.

"Umempoteza leo," alisema Bi. Ogata, akiukausha ukurasa kwa kitambaa. "Sitakudanganya kwamba atarudi. Lakini ungembakiza kwa uongo, ungekaa naye ukiwa mpweke vilevile, kwa sababu angekuwa rafiki wa mtu ambaye si wewe. Mwanangu, heshima ya mtu iko katika neno analolisema pale ambapo hakuna shahidi. Hilo usilimeze tena."

Siku kumi na moja zilipita. Siku ya kumi na mbili, njiani kutoka shule, hatua zilimfuata.

"We zombi." Rin alikuwa akijikanda bega. "Nimeinunua. Mkono unauma kweli kama ulivyoandika. Katika daftari zima, ukurasa wako tu ndio haukunidanganya."

Walitembea pamoja hadi nyumbani kwa Wakana. Mlangoni Wakana alivua viatu, akavipanga.

"Nimerudi," alisema.

Nyuma yake, akiinama kufungua kamba za viatu, Rin aliitika, "Karibu nyumbani. Hodi, basi, na mimi niingie!"