Mchezaji Huru wa Zhanqian

Saa nne asubuhi maduka ya jumla ya Zhanqian Road, jijini Guangzhou, yalikuwa yamefurika, marobota ya nguo yakipita juu ya vichwa vya watu, na Kerubo alikuwa ameshika kofia moja ya bluu ambayo hakuwa na nia ya kuiachia. Upande wa pili wa kofia hiyohiyo kulikuwa na mkono wa mwanamume.

"Mama, miye njo niliiona kwanza."

"Mama yako yuko kwenu. Achilia!"

Alikuwa Mkongo mrefu, suruali imepigwa pasi ikasimama, na shati la besiboli lenye jina la mchezaji, URRUTIA, mgongoni. Kerubo, mwenye jinzi, raba na kilemba chekundu, alilisoma jina lile akacheka kwa dharau.

"Ati unambeba huyo msaliti? Timu ya kwao imemlea, akapata mkataba mnono akahama!"

"Msaliti? Écoute, sikia. Miaka sita timu inamushika, hana sauti. Ya saba iko yake. Apige mipira nje ya uwanja, halafu aombe ruhusa ya kuondoka?"

"Na jina atakaloacha? Nani atamjengea sanamu?"

"Sanamu hailipe kodi ya nyumba, chérie."

Mwenye duka alitoa kofia nyingine chini ya meza. Hakuna aliyeitaka.

Msishangae kwamba walibishania besiboli. Ukinunulia wateja kofia za mchezo huo miaka mitatu, mwishowe utautazama tu, hata kwa hasira. Mechi za usiku za Marekani huonekana Guangzhou asubuhi, na mgahawa wa Kissa, Mnyakyusa mwenye chapati laini kuliko ulimi wake, ulikuwa na televisheni. Hapo ndipo Kerubo na yule Mkongo, Ghislain, walipokutana kila Jumamosi, wakabishana mpaka chai ikapoa, wakaendelea kwenye simu.

"Umelala?"

"Sijalala. Urrutia bado ni msaliti."

"Na weye bado uko mzuri."

"Wewe nawe! Hiyo si hoja."

Ilikuwa hoja, na alilala akitabasamu.

Kerubo alikuwa mnunuzi wa Abdulwakil, mzee wa Mombasa mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Kwa miaka sita alijua kila karakana ya mikoba katika mji mdogo wa Shiling, wateja wa Nairobi wakimtafuta yeye, lakini kila kadi na kila risiti ilibeba jina la Abdulwakil. Mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa. Alitaka kuanza na jina lake mwenyewe, na alitaka kumwambia mzee ana kwa ana, kwa heshima. Kwa Ghislain alisema jambo moja tu: kwamba mkataba unaisha.

Ghislain, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya makontena bandarini Nansha, akaona amepewa kazi. Hivyo ndivyo mapenzi yanavyomfanya shabiki mjinga: alijiona wakala wa mchezaji nyota. Akaenda kwa bosi wake, akamnadi Kerubo, akabishania masharti, akapata mema, asimuulize mwenyewe hata neno moja.

Alhamisi Abdulwakil alipiga simu. "Mwanangu, nasikia ushapata kampuni Nansha. Mimi si wa kukuzuia. Lakini ungenambia mwenyewe."

Kerubo aliona aibu. Kisha hasira ikampanda. Akampigia Ghislain.

"Umeniuza?"

"Chérie, nimekutafutia mkataba kama wa Urrutia!"

"Urrutia aliulizwa! Mimi si mzigo wa kontena, Ghislain. Usinipigie tena."

Ijumaa alimwendea Abdulwakil, akamwomba radhi, akamweleza ukweli wote. Kampuni ya Nansha akaiambia hapana. Jumatatu alichapisha kadi nyekundu: KERUBO, SHILING HADI NAIROBI. Watu wakasema mwanamke peke yake hatafika mwezi. Akawaambia wahesabu.

Wiki tano zilipita. Alimkosa Ghislain, na hilo lilimuudhi kuliko kosa lenyewe.

Jumamosi moja Urrutia alirudi kucheza katika mji aliouhama. Mgahawa wa Kissa ulijaa. Kwenye televisheni uwanja mzima ulimzomea. Urrutia akasogea na gongo la kupigia, akalizungusha, mpira ukatoka nje ya uwanja mbele ya haohao waliomzomea. Mgahawani mtu mmoja tu aliruka kwa kelele: Kerubo.

"Leo si msaliti?" sauti iliuliza mlangoni. Ghislain alikuwa na shati jeupe tupu, bila jina la mtu.

"Aliondoka kwa miguu yake. Sasa namwelewa."

"Nilikosa, Kerubo. Nilikusemea bila kukuuliza. Bila weye niko vibaya."

Kissa alipunguza sauti ya televisheni. Hakuwa mtu wa kupitwa.

"Wachezaji wakubwa wana kifungu," Kerubo alisema. "Hawahamishwi popote bila idhini yao. Mimi nakitaka."

"Kwenye mkataba gani?"

"Ule unaoogopa kuniomba tangu Februari. Na usitume wakala. Jisemee."

Ghislain akapiga goti, suruali yake ya pasi ikagusa sakafu yenye mafuta ya chapati. "Kerubo, kubali nikuoe. Popote utakapoamua."

"Atakubali, atakubali!" Kissa akapayuka.

Kerubo akamwinulia Kissa kidole.

"Hakuna wa kunijibia," alisema, akamshika Ghislain mkono akamwinua. "Ndiyo. Nimesema mimi."