Jina la Mashavu

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, Nusra na Mashavu walikwenda kwenye klabu ya kompyuta mtaani kwao Aziziya, Jeddah. Klabu ilisaidiwa na taasisi isiyotafuta faida, inayotunza lugha moja ya kuandikia programu. Lugha hiyo ni ya bure, na yeyote anaweza kuiboresha. Sharti ni moja: mtu huandika jina lake juu ya kazi aliyoifanya.

Mashavu alitafsiri masomo kumi na mawili ya lugha hiyo kwa Kiswahili. Kabla hajayapeleka kwa taasisi, kafili wa baba yake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikataa kuongeza muda wa ikama, kibali cha kuishi nchini, na familia ikalazimika kurudi Unguja.

"Unipelekee wewe," alimwambia Nusra. "Kazi ikikubaliwa wanatoa kompyuta. Kwa bibi, huko Unguja, hakuna hata ya kuazima."

Siku moja baada ya ndege kuondoka, Nusra alifuta jina la Mashavu akaandika lake, kisha akaipeleka kazi. Alijiambia kuwa Mashavu yuko mbali, hatajua.

Mwezi uliofuata kazi ilikubaliwa, na Nusra akaitwa kwenye mkutano wa taasisi mjini Riyadh. Njia nzima baba yake, Bwana Idi, alimsifu. Nusra alitazama jangwa tu.

Mwalimu Asumpta, Mkenya aliyekuwa akipokea kazi za wanafunzi, aliwakaribisha ofisini. Kompyuta mpya ilikuwa mezani. Kwanza alimwonyesha Nusra kumbukumbu ya kazi ile, ambayo huhifadhi kila badiliko na siku yake. Jina la Mashavu lilikuwapo mwezi mzima, kisha likafutwa.

"Nusra, hii kazi ni ya nani?"

Nusra alilia. "Ya Mashavu."

Bwana Idi aliinamisha kichwa.

"Hapa hatulipwi," Mwalimu Asumpta alisema polepole. "Mtu anatoa jasho lake bure, anabaki na jina tu. Wewe ulimnyang'anya hilo."

Jina lilirudishwa siku hiyo hiyo. Kompyuta ilipelekwa Unguja, pamoja na barua ndefu ya Nusra ya kuomba radhi. Baada ya wiki mbili Mashavu alijibu kwa ujumbe wa simu wenye neno moja: "Imefika."

Nusra alimwonyesha baba yake.

"Bado ana hasira nami, baba."

"Ana haki," Bwana Idi alijibu. "Kitu cha mtu hurudishwa kwa siku moja, mwanangu. Imani yake huirudisha mwenyewe, akipenda. Wewe kuwa mkweli, na usubiri."