Mpinzani wa Bwana Mshamu

Zama zile wafalme wa pwani walipovaa majoho ya hariri ya Surati na kula kiapo mbele ya watu wao, palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Shawiri. Mji ule ulikuwa na pande mbili, Juu na Chini, na kila upande na kiongozi wake. Wahenga waliacha sharti moja: pasiwe na vita wala sheria mpaka pande zote mbili zisemezane ndani ya yumbe, jumba la baraza, na walio wengi wakubali.

Kiongozi wa Chini alikuwa Bwana Mshamu wa ukoo wa Famau, mtu wa makamo, mkali wa ulimi kama alivyokuwa mkali wa upanga. Kiongozi wa Juu alikuwa Bwana Ngwali, na wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Miaka kumi na minane hawakuwa wamekula sinia moja. Huyu akisema mvua, yule husema jua.

Mwaka huo Mfalme wa Shawiri, Fumo Zahidi, alitaka kuuvamia mji wa Tikuni, uliokuwa bara, ili aichukue njia yake ya pembe za ndovu. Mshamu aliviunga mkono vita hivyo. Ngwali akasimama barazani, akasema Tikuni haijawakosea kitu, na vijana wa Shawiri hawatakwenda kufa kwa tamaa ya mtu mmoja. Asubuhi ya pili askari wageni wa mfalme wakamkamata, wakamtia pingu ngomeni.

Kisha mfalme akamwita Mshamu katika yumbe, mbele ya umati.

"Mshamu," alisema, "fahali wawili hawakai zizi moja. Nimechoshwa na pande. Mwili una kichwa kimoja, na mji ni hivyo hivyo. Apa hapa kwamba Ngwali ni haini, nimkate kichwa, na upande wa Juu ufutwe. Wewe utakuwa waziri wangu, wala hutapata tena mtu wa kukupinga maisha yako yote."

Kwa Mshamu neno lile la mwisho lilikuwa tamu kupita uwaziri. Alikumbuka mara ngapi Ngwali alikuwa amemtahayarisha mbele za watu. Akakumbuka pia, na hilo lilimchoma zaidi, mara ngapi Ngwali alikuwa amesema kweli.

"Mola wangu," akajibu, "Ngwali ni mpinzani wangu. Simpendi, na hata leo nasema amekosea juu ya Tikuni. Lakini si haini. Mizani ya kitanga kimoja hupima nini? Ukimuua leo kwa kusema hapana, kesho mwenye kusema hapana nitakuwa mimi, na hapatakuwa na wa kunitetea."

"Unanikatalia mbele ya watu?"

"Nimekukatalia mbele ya watu ili waone kwamba inawezekana. Na mimi si fahali, mola wangu, wala mji huu si zizi lako."

Askari wakachomoa panga. Mshamu akachomoa wake. Watu wa Chini wakamzunguka kwa ngao zao za ngozi ya kifaru, wakarudi kinyumenyume, chuma kikilia juu ya chuma, mpaka wakatoka nje. Wawili wao hawakutoka.

Mshamu hakwenda kwake. Alipanda moja kwa moja mitaa ya Juu, damu ikimchuruzika mkononi, na watu wakimtazama kwa chuki madirishani. Kwenye mlango wa Ngwali alimkuta Mwana Tumu, dada yake Ngwali, ameushika mkuki.

"Umekuja kutucheka, Bwana Mshamu?"

"Nimekuja kuomba watu wenu, dada yangu. Wangu peke yao hawataiweza ngome."

"Na kaka yangu akitoka, utamfanya nini?"

"Nitabishana naye."

Mwana Tumu akauteremsha mkuki. "Basi ingia. Hilo nimelisadiki."

Siku ile ile Juu na Chini wakaizingira ngome. Mfalme aliwapiga kwa mizinga. Nyumba za Chini zikabomoka, na msikiti wa Juu ukapoteza ukuta wa kibla. Mara mbili watu walipanda ngazi wakaangushwa. Ndipo Mwana Tumu akasema kwamba maji ya ngome hupita kwenye mfereji chini ya mtaa wake. Wakauchimbua, wakauziba kwa mawe na chokaa. Mfalme akatuma mjumbe kumwambia Mshamu kuwa uwaziri bado upo. Mshamu akamjibu mjumbe, "Mwambie na sisi bado tupo."

Siku ya nne, kiu ilipowazidi, askari wageni waliufungua mlango wenyewe. Fumo Zahidi alitolewa mjini bila joho, akaenda uhamishoni, na Shawiri haikumwona tena. Ngwali alitoka amekonda, vifundo vya miguu vimechubuka kwa pingu.

Ijumaa baraza likakaa. Watu wa Chini walimshangilia Mshamu, naye, akiwa katika kilele cha nguvu zake, akasimama kuomba idhini ya kwenda Tikuni. Ngwali akainuka kwa shida, ameegemea ukuta.

"Nakushukuru kwa uhai wangu, Bwana Mshamu," alisema. "Kuhusu Tikuni, bado nasema hapana."

Majambia yakatoka alani. "Mtovu wa shukrani!" walipiga kelele watu wa Chini. "Mnyamazishe!"

Mshamu alisimama kati yao na Ngwali, uso umemwiva kwa hasira, kwa kuwa kweli alikuwa amekasirika.

"Mwacheni aseme," alinguruma. "Ndugu zetu wamekufa ili aseme."

Ngwali akasema, kwa kirefu, akiwataja waliokufa kwa majina yao. Alipomaliza, wenye kukubaliana naye waliombwa wasimame upande wake. Wa Juu wakasimama wote. Halafu, mmoja mmoja, wakiwa wameinamisha vichwa, watu kumi na mmoja wa Chini wakavuka sakafu ya yumbe.

Mshamu aliwatazama wakipita mbele yake. Hakumshika hata mmoja. Vita vya Tikuni havikupiganwa, naye akaenda nyumbani akiwa ameshindwa, akitunga njiani maneno ya kumjibu Ngwali Ijumaa ijayo.