Buti za Lamont Pettaway

Saa sita mchana, foleni ya samaki wa kukaanga nje ya lango la kambi ya wanamaji, Norfolk, ilikuwa imefika barabarani. Hapo ndipo Lamont Pettaway alipomkanyaga Rosalyn Boykins kiatu chake cheupe.

"Samahani, dada. Buti hizi hazioni."

"Na mwenye buti? Grisi yote hiyo ya nini?"

"Naendesha manati ya mvuke, mtambo unaorusha ndege kutoka melini. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Rosalyn, aliyevaa gauni la manjano lililomkaa vizuri, akacheka. "Basi umemkanyaga adui. Mimi nafundisha manati ya sumaku."

Walibishana mpaka samaki wakapoa. Lamont alisifu kishindo cha mvuke. Rosalyn alisifu sumaku ya umeme, inayoisukuma ndege kwa kipimo, bila mabomba wala joto. Kufikia Juni walikuwa wapenzi.

Ugomvi ulizuka kwa sababu ya kazi. Meli mpya hazikutaka mvuke. Ama Lamont ahamie San Diego, kwenye meli za zamani, ama ajifunze upya.

"Njoo darasani kwangu, mpenzi."

"Nikae dawatini na mvi hizi, nifundishwe na mpenzi wangu?"

"Mvuke wenu umekufa, Lamont!"

Lamont alichukua kofia akatoka. Kesho yake meli yake iling'oa nanga. Wiki tatu, hakuna simu.

Siku meli iliporudi, mwalimu mwenzake alimwonyesha Rosalyn picha: buti za Lamont zikiruka kutoka sitahani. Wote waliijua desturi ile. Mtu akiiacha manati ya meli yake kabisa, wenzake huzifunga buti zake kwenye manati hiyo na kuzirusha baharini.

Rosalyn akaona Lamont anahamia San Diego, akampigia simu papo hapo.

"Safari njema ya San Diego, bwana."

"Nani anakwenda San Diego?"

"Nimeziona buti zako!"

"Zimezama, ndiyo. Uko wapi?"

"Darasani. Watu wananingoja."

"Mwambie aliyekaa karibu na mlango afungue."

Mlango ukafunguliwa. Lamont alisimama na simu sikioni, sare nyeupe imenyooshwa, viatu vipya miguuni.

"Nimeagana na mvuke, Rosalyn. Sijaagana na wewe. Mwalimu, unaweza kuolewa na mwanafunzi?"

Darasa zima likapiga meza. Rosalyn akainama, akabandua karatasi ya bei iliyosahauliwa kwenye kiatu kipya cha Lamont.

"Naweza," akasema, akifuta macho. "Sasa kaa. Umechelewa dakika nne."