Meseji za Kipchirchir

Siku ya soko, mitumba ya Kericho humwagwa chini mapema, na ikifika saa nne asubuhi hakuna pa kukanyaga. Jumamosi hiyo mikono miwili ilivuta koti moja kutoka rundo moja. Koti lilikuwa zito, la sufi, rangi ya kahawia. Upande mmoja wa rundo alisimama msichana mrefu aliyevaa gauni la manjano na raba nyeupe ambazo matope ya mji yalikuwa bado hayajazigusa. Upande wa pili alisimama kijana mwenye mabega mapana, ovaroli ya bluu imefungwa kiunoni kwa mikono yake.

"Dada, hiyo koti nimeishika kwanza," kijana akasema.

"Wewe umeshika mkono tu. Mimi nimeshika koti."

Mchuuzi akawaambia bei haishuki hata wakioana. Kijana akaachia. Alimwambia msichana alichukue, ila kwanza alivae pale pale aone kama linampendeza. Msichana akalivaa, akageuka mara moja, na kijana akasahau kilichomleta sokoni.

"Mimi naenda nchi ya theluji," kijana akasema. "Wewe koti kama hiyo ya nini?"

"Naenda kwa mama, Silibwet. Huko pia kuna baridi."

Akajitambulisha: Kepher Amolo, fundi wa mashine katika kiwanda cha majani chai upande wa Roret. Wazazi wake walitoka ziwani kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, na yeye alizaliwa huku huku. Akaeleza kwamba rafiki yake wa utotoni, Kipchirchir, yuko ng'ambo analinda ghala, na kila wiki humwandikia amfuate. Msichana akasema anaitwa Chepkurui na anafanya kazi kwenye ofisi ya bima. Akampa namba ya simu. Alitabasamu vizuri, akalipia koti.

Jina la Kepher Amolo alilijua. Alikuwa amemwandikia jana yake, saa tisa alasiri. Kipchirchir hakuwa ameandika neno hata moja. Meseji zake zote zilikuwa za Chepkurui.

Hakuwa karani wa bima. Alikuwa ofisa wa ujasusi, na kwa miezi saba alikuwa ameajiriwa kwa jina la karani na Aron Kipkirui, mwenye ofisi ya ajira za ng'ambo ghorofani mjini Kericho. Aron aliahidi vijana kazi ya ulinzi. Walipofika huko walivishwa sare na kupelekwa mstari wa mbele katika vita visivyowahusu. Simu zao zilikuwa zimebaki kwenye droo ya Aron, na kazi ya Chepkurui ilikuwa kuwajibu wazazi na marafiki ili wasishtuke, na wengine wavutike. Alikuwa amekaza roho akaifanya. Vijana arobaini na mmoja walikuwa wameshakwenda, na bila mikataba waliyotia sahihi, pamoja na orodha ya vikosi walivyogawiwa, hakuna aliyeweza kudai warudishwe. Aron alificha karatasi hizo katika nyumba ambayo vijana hukaa siku chache kabla ya safari. Chepkurui hakuijua. Mkubwa wake, Madam Winny, aliyekaa Nakuru, alimwambia kila wiki avumilie.

Angeweza kutoipokea simu ya Kepher. Aliipokea mara ya kwanza akijiambia ni kazi. Mara ya pili hakujiambia kitu. Kepher alipiga kila saa saba mchana, mashine zikinguruma nyuma yake, akamwuliza amekula nini na kama koti linamtunza. Jumapili walitembea katikati ya chai, yeye na shati lake jeupe lililopigwa pasi mpaka likakwaruza, Chepkurui na sketi yake ya kijani, na Kepher akamfundisha kunusa jani na kujua limechumwa lini. Jioni moja aliporudi ofisini kuchukua mkoba wake, simu ya Kipchirchir ilikuwa imeingia meseji: "Bro, nimepata msichana. Nikirudi kutoka huko namwoa. Usiambie mtu." Chepkurui aliisoma mara tatu kabla ya kufunga droo.

Tangu siku hiyo Kipchirchir alianza kuandika maneno mengine. Usiharakishe, ndugu yangu. Baki kiwandani kwanza. Na Chepkurui mwenyewe, kwa mdomo wake, akamwomba Kepher asiende. Aron, aliyekuwa na tabia ya kupitia simu, alimwita akamwuliza kwa upole kwa nini Kipchirchir amekuwa mwoga. Akajibu kwamba ukimvuta mtu sana hushuku. Aron akampigapiga begani, akasema ana akili.

Mkono ule ulikuwa bado begani mwake mlango ulipofunguliwa. Kepher aliingia na pasipoti yake mpya ndani ya bahasha.

Aron alimkaribisha kwa furaha, akamwonyesha Chepkurui, akasema huyu ndiye mkono wake wa kulia, bila yeye ofisi haiendi. Kepher alitazama mkono begani, akatazama uso wa msichana. Akaweka bahasha mezani, akatia sahihi alipoonyeshwa, akatoka. Simu ya Chepkurui ililia saa moja baadaye.

"Bima," Kepher akasema.

"Kepher, nisikilize kidogo."

"Uliniomba nisiende. Nikafikiri ni mapenzi. Kumbe ni tajiri wako hataki nikuwe karibu. Sasa naenda, Chepkurui, na usinipigie tena."

Safari ilikuwa siku kumi mbele. Madam Winny aliposikia alikuwa mkali: akimweleza kijana, na kijana akaropoka, arobaini na mmoja watapotea kabisa. Chepkurui akasema ameelewa. Kesho yake mchana alikuwa nje ya geti la kiwanda, zamu ikitoka, harufu ya jani bichi imejaa barabarani. Kepher alimpita. Akamfuata mpaka kwenye ukingo wa chai na kumwambia kila kitu bila kupumzika.

Kepher hakuamini. Ndipo akamwambia, "Uliandika umepata msichana, ukirudi utamwoa. Ukasema asiambie mtu. Hakuna mtu aliambiwa. Niliisoma mimi."

Kepher alikaa chini kwenye nyasi kama aliyepigwa.

"Kipchirchir yuko hai?"

"Alikuwa hai wiki mbili zilizopita, nilisikia Aron akiambiwa. Ameumia mguu, yuko hospitali ya huko."

"Na mama yake ulikuwa unamwandikia pia?"

"Ndiyo."

Hapo alikasirika, si kwa kelele. Alimwambia hajui kama ataweza kumtazama tena. Chepkurui akasema hilo ni haki yake, lakini pasipoti aache, aseme mama yake ni mgonjwa, asiende. Kepher akatikisa kichwa. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wameshatia sahihi, na nyumba ile lazima mtu aione kwa macho. Chepkurui alibishana naye mpaka jua likashuka. Kepher hakubadilika.

Jumapili gari lilichukua vijana kumi na wawili. Walinyang'anywa simu mlangoni mwa gari na madirisha yakavutwa pazia. Siku mbili Chepkurui hakusikia lolote. Alikaa mezani kwa Aron akichapa, simu yake mapajani, na hakuonja chakula.

Jumanne mchana ililia. Namba ilikuwa ngeni. Kepher alikuwa ameharibu pampu ya maji ya nyumba ile kwa mikono yake, akajitolea kuitengeneza, na mlinzi akampeleka dukani Londiani kununua kipuri. Alikuwa amemwomba aagane na mpenzi wake kwa simu ya mwenye duka. Mlinzi alikuwa ameegemea kaunta, anasikiliza kila neno.

"Mpenzi, nimekumiss," Kepher akasema. "Nimekuwa nikiwaza ile nyumba tutajenga nikirudi."

Aron alikuwa hatua tatu kutoka kwake, anasoma gazeti. Chepkurui akavuta karatasi, akaegemeza shavu mkononi kama msichana anayebembelezwa.

"Niambie basi. Itakuwaje?"

"Ya mawe, mabati ya kijani, geti jeusi. Iwe hapo juu ya kiwanda cha mbao, msitu uwe nyuma yetu. Na watoto kumi na wawili."

"Wote hao nitawabeba aje?"

"Utawabeba wote kabla ya Alhamisi, sweetie. Na vyeti vyetu vya ndoa tutaweka kwa sanduku ya chuma, chini ya kitanda ya baba mwenye nyumba."

Mlinzi alicheka akamwambia watoto kumi na wawili maisha haya ni wazimu. Kepher naye akacheka. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nakupenda, Chepkurui."

Hilo hakulitia kwenye karatasi. Alimwambia Aron mpenzi wake anamsumbua na ndoto za nyumba, akatoka kwenda kununua soda, na kutoka kona ya mtaa akampigia Madam Winny, akamsomea karatasi pamoja na ile namba ngeni, iliyofuatiliwa mpaka Londiani.

Jumatano saa mbili asubuhi geti jeusi lilifunguliwa bila risasi hata moja. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, na ndani yake mikataba yote na orodha ya vikosi. Aron alikamatwa Kericho dakika hizo hizo, akiwa anamimina maziwa kwenye chai. Aliyemfunga pingu alikuwa karani wake. Vijana kumi na wawili walirudishwa kwao wakila maandazi garini.

Kuwatoa wa ng'ambo kulichukua miezi mitano. Watatu walikuwa wameshazikwa huko, na Chepkurui alikwenda nyumba tatu kuwaambia wazazi mwenyewe. Thelathini na wanane walirudi. Kipchirchir alikuwa miongoni mwao, kwa magongo mawili.

Muda huo wote Kepher alijibu simu zake kwa maneno machache. Siku ya sherehe ya kumpokea Kipchirchir, nyumbani kwao nje ya Roret, Chepkurui alifika amevaa suti nyeusi, akapita katikati ya wageni mpaka mbele ya mama wa kijana, akapiga magoti. Akasema ni yeye aliyekuwa anamwandikia, na anaomba msamaha.

Mama alimtazama, mikono kwenye leso yake.

"Ni wewe ulikuwa unaniuliza kama nimekula?"

"Ni mimi, mama."

"Na kama nimevaa sweta?"

"Ndiyo."

"Huyu wangu nimemzaa miaka ishirini na saba, hajawahi kuniuliza kama nimekula," mama akasema. "Nilijua si yeye. Nilikuwa naomba Mungu amwangalie yeye, na pia huyo ananiandikia, mahali yuko." Akamwinua, akamtia mkononi kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kumpokea mgeni. Kipchirchir alicheka mpaka gongo moja likaanguka.

Kepher aliliokota. Kisha akamwomba Chepkurui watoke nje kidogo, mpaka ulipoanza mstari wa chai. Alikuwa amevaa shati jeupe.

"Nimekaa na hasira mpaka imeisha," akasema. "Nataka kukuoa."

"Kazi yangu sitaiacha. Kuna siku nitapotea na sitakuambia niko wapi."

"Utanipigia uniambie ya nyumba na watoto. Nitaelewa."

Chepkurui akafuta machozi kwa kiganja. Akasema lazima basi aje Silibwet na wazee wake, baba yake si mtu wa haraka, na Kepher hata kwao hakujui.

"Kwenu ni nyumba ya tatu kupita kanisa, ng'ombe wanne, mmoja ni wa mama yako," Kepher akasema. "Baba yako anapenda mpira. Mjomba wangu Omollo amekunywa chai naye mara mbili. Tunangojwa Jumamosi."

"Umenipeleleza?"

"Miezi miwili. Na haukujua."

Chepkurui akatoa simu ampigie mama yake athibitishe. Mama alipokea mara moja, na kabla binti yake hajasema neno, akamwuliza wageni wa Jumamosi watakuwa wangapi.