Kimya cha Sekunde Ishirini na Tano

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni, na mtangazaji alisimama katikati yake huku miguu ikimwaka moto ndani ya viatu vya ofisini. Gauni lake la kijani lilikuwa limejikunja mgongoni kwa kukalia kiti kimoja tangu taarifa ya habari ya alfajiri. Siku hizi alishika zamu mbili, maana mwenzake aliacha kazi na hakuletwa mtu mahali pake. Alipofika dirishani akaomba dawa ya koo, na mtu wa nyuma yake akacheka kidogo.

"Kumbe una miguu," alisema. "Mimi nilidhani wewe ni sauti tu, Bibi Saa Tisa."

Aligeuka. Alimwona mwanamume mrefu, shati limepauka kolani, begi la vyuma begani. Alijieleza kuwa ni fundi wa piano na amekuja kumchukulia mama yake dawa za presha.

"Unasikiliza kipindi changu?"

"Kila siku. Na kila siku unatupigia watunzi walewale watano. Mama ameanza kuwaita wajomba."

Mtangazaji alitaka kukasirika, akakuta hana nguvu. Isitoshe, jamaa alisema kweli. Alikuwa na saa moja tu ya muziki wa klasiki, kuanzia saa tisa alasiri, na mkuu wa vipindi alishamwambia kwamba wasikilizaji wanataka wanaowajua.

"Haya, niletee wageni basi," alisema.

Akawaleta kweli. Kila wiki aliacha santuri mapokezi ya redio: mara ya mwanamke aliyechapisha nyimbo zake kwa jina la kaka yake, mara ya mtu aliyekufa na madaftari yake yakabaki sandukuni. Mtangazaji aliwapenyeza mmoja mmoja katikati ya wale wajomba, na simu za mchana kati yake na fundi zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula chai."

"Chai hailiwi, mpenzi."

"Ndiyo maana bado nina njaa."

Mtangazaji alipomtembelea karakana, alisinzia begani kwake, fundi akiwa katikati ya habari za nyuzi na nyundo za piano. Fundi hakununa. Alishusha sauti tu, akaendelea.

Siku moja alileta kanda, na safari hii hakutania.

"Hii ni ya marehemu baba. Alikuwa karani wa kiwanda cha nguo, akaandika muziki wa fidla na kuwafundisha wafanyakazi wenzake. Hakuna redio iliyowahi kuupiga. Mama amebakiwa na sikio moja, na daktari anasema nalo litaziba kabla mwaka huu haujaisha. Nataka asikie baba akitajwa redioni, mara moja tu."

"Atasikia."

"Katikati kuna kimya cha sekunde ishirini na tano. Kimeandikwa hivyo. Usikikate."

Sasa kituoni kulikuwa na mtambo usiovumilia kimya. Zikipita sekunde kumi bila sauti, mtambo hudhani mtangazaji amezimia, nao hurusha tangazo la sabuni. Kuuzima ni kubonyeza kitufe kimoja. Alhamisi ile mtangazaji alilitaja jina la mzee vizuri kabisa, akaweka kanda, akalaza kichwa mezani ili asikilize kwa raha. Aliamshwa na watoto wakiimba sifa za povu. Alipourudisha muziki, ulikuwa umefika mwishoni.

Simu ililia kabla hajatoka studio.

"Mama anauliza kama baba aliandika na ya sabuni," fundi alisema.

"Mitambo ilisumbua."

"Mbona wale wajomba haijawahi kuwasumbua? Ungeniambia tu kwamba muziki wa mzee haufai. Ningeelewa."

Akakata. Mtangazaji aliona aibu kumpigia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mpenzi wake aliamini amemdharau baba yake, wakati ule muziki ulikuwa kitu cha kwanza kumpumzisha wiki nzima. Siku tisa zikapita hivyo, chai bila chakula.

Siku ya kumi aliingia kwa mkuu wa vipindi.

"Mtunzi asiyejulikana, mara mbili?" bosi aliuliza.

"Atajulikanaje asipopigwa?"

Bosi hakutikisika mpaka mtangazaji alipojitolea kumshikia zamu zake za Jumapili. Kutoka hapo alienda moja kwa moja karakana, akamkuta fundi ameinamia piano iliyofunuliwa.

"Nilisinzia," alisema kabla hajakaribishwa. "Kichwa mezani, na mtambo sikuuzima. Niliona afadhali uambiwe mitambo ni mibovu kuliko ujue mbovu ni mimi."

Fundi aliweka chini ufunguo wa kukazia nyuzi. "Mimi nilidhani umemwonea haya baba."

"Nimwonee haya kwa lipi? Kesho saa tisa mwambie mama awe tayari. Nimeomba upigwe tena."

"Umeombaje mpaka yule bwana akakubali?"

"Jumapili nane."

Fundi alimtazama macho yake mekundu, akaenda kumnunulia chakula.

Kesho yake mtangazaji alisimama dakika zote kumi na moja za muziki ule, asije akasinzia. Kimya kilipofika, mtambo ulikuwa umezimwa, taa za simu zikawaka zote, na bosi akatokea kwenye kioo akipunga mikono. Mtangazaji alimwinulia kidole kimoja: subiri. Kisha fidla zikarudi taratibu.

Alipotoka kazini alienda kwa mama yake fundi. Alimkuta bado ameegemeza redio kwenye sikio lake zima, mashavu yamelowa.

"Mwanangu, kile kimya unajua ni cha nini?" mama alisema kwa sauti kubwa.

"Cha huzuni?"

"Huzuni ya wapi. Watu wake walikuja mazoezini wametoka zamu, mikono inatetemeka. Wakifika katikati, hawawezi tena. Akawaandikia mahali pa kupumzika, asiaibike mtu. Leo nimewasikia wakivuta pumzi."

Fundi alimfuata mtangazaji jikoni alikokwenda kufuta macho.

"Hizo Jumapili nane utaziweza?"

"Sijui. Nitachoka tu."

"Mimi nachoka na piano za watu, wewe unachoka na redio, kila mtu anachokea kwake. Tuchokee nyumba moja."

"Ndiyo posa hiyo?"

"Ndiyo yenyewe. Nzuri zaidi ya hapo sina."

Mtangazaji alisema ndiyo, kisha akaomba kiti.