Harufu ya Mvua Kabondo

Jumatatu asubuhi Rachida alifungua friji ya maabara akakuta ile sahani ndogo ya kioo haipo. Ndani yake alikuwa ameotesha bakteria waliotoka kwenye udongo wa mizizi ya kongobololo, mti wa dawa. Walitoa kitu kilichoua vijidudu vya vidonda sugu. Mti wenyewe ulishafyekwa, na mbegu nyingine ya bakteria hao hakuwa nayo. Ukifunua sahani ile, ilinukia ardhi iliyonyeshewa sasa hivi.

Kufuli lilikuwa zima. Mbali na Rachida mwenyewe, ufunguo walikuwa nao wawili: papa Désiré, mkuu wa maabara aliyemlea kikazi kama binti yake, na mwanafunzi Lionel. Mlinzi alimwona Lionel Jumapili akipita na sanduku la barafu. Rachida alimhoji mpaka kijana akatokwa na machozi. Alishikilia kwamba alibeba samaki wa mama yake waliotoka Isangi. Papa Désiré hakuuliza hata swali moja.

“Muache,” alisema. “Hakuiba.”

Amejuaje? Alasiri Rachida alimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Kabondo. Mama Kadidja, mkewe, alikuwa sebuleni, mguu wenye kidonda cha sukari juu ya kigoda. Madaktari walitaka kuukata. Kilikuwa kiangazi, nje vumbi tupu, lakini Rachida alipoinama kumsalimu, bendeji ilinukia mvua.

“Papa,” alisema polepole, “ulitia bakteria kwa kidonda ya mama?”

Désiré aliketi. “Mara mbili. Miaka yote nafundisha watu: dawa haiendi kwa mutu mbele ya kuipima. Alafu ikakuwa muguu ya Kadidja.”

Hasira ilimpanda Rachida, akamweleza kwamba vijidudu hai vingeweza kuingia kwenye damu na kumwua mkewe, na kwamba Lionel alilia kwa kushukiwa wizi bure. Mzee alikwenda jikoni akairudisha sahani, bakteria wangali hai, akamkabidhi kwa mikono miwili, kichwa chini. Hasira ikamwishia pale pale.

Kadidja, aliyeambiwa kwamba anapakwa pomada mpya tu, alimtazama mumewe. “Na ule mutoto analia sababu yangu? Kesho tunaenda hopitali, bakate. Kukosa muguu, nitazoea. Bwana mwizi, sitazoea.”

Désiré akavaa viatu, akatoka kwenda kumwomba Lionel msamaha mbele ya mama yake. Rachida alichemsha maji, akauweka mguu wa Kadidja mapajani mwake, akaanza kufungua bendeji taratibu.